Paneli Zilizotazama Barabara

Kule Kimuli, wilayani Kyerwa, mtu akipata kitu kizuri hakifichi. Kabati la vioo hukaa sebuleni likitazama mlango, pikipiki mpya huegeshwa mbele ya nyumba hata mvua ikinyesha, na paneli za sola huwekwa upande ule wa paa unaotazama barabara. Hakuna aliyelitungia jambo hili sheria. Jirani aliweka hivyo, na jirani wa jirani akaweka hivyo, nawe ukienda kuziweka nyuma watu watajiuliza umeziiba wapi.

Kwa hiyo Kemirembe, au Mama Nestory kama wengi walivyomwita, hakukosea peke yake. Alikosea pamoja na kijiji kizima. Siku fundi Novatus alipoegemeza ngazi ukutani, mwezi wa sita, vumbi la barabara likiwa limeipaka migomba rangi nyekundu, aliuliza mara moja tu, tena kwa adabu.

"Mama, na huku nyuma je? Naona huku kuna jua zuri la mchana."

"Huku nyuma nani ataziona? Ndizi?"

Novatus alicheka, akapanda mbele. Alikuwa fundi mwenye mikono myepesi na haraka ya kwenda kwingine, na mwenye nyumba akishasema, yeye ni nani abishe? Akatoboa mabati, akakaza skrubu, akafunga paneli mbili, akashusha waya hadi kwenye betri. Jioni ile watu waliotoka gulioni walisimama barabarani kutazama. Kemirembe alijitia hana habari nao, akawa anafagia uwanja aliokwisha kuufagia asubuhi.

Lakini msidhani alinunua sola kwa ajili ya majivuno. Majivuno yalikuja kama kile kipande mwuza nyama anachokuongezea juu ya kilo.

Kemirembe alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka zaidi ya thelathini alikanyaga cherehani yake akashona sare za shule, magauni ya harusi, na vitenge vya kila msiba na kila sherehe, mpaka goti la kulia likavimba na kukataa. Daktari alimwambia kwamba akitaka goti hilo limfikishe uzeeni, aache kukanyaga. Kemirembe, mwenye miaka sitini na miwili, alifurahi kusikia kwamba uzee wenyewe ulikuwa bado. Habari ya kuacha kukanyaga ndiyo iliyomnyima usingizi.

Mwanawe Nestory, afisa huko Muleba, alikuwa na jibu tayari. Alikuwa na nyumba kubwa, na ndani yake chumba kimoja kilichotandikwa shuka, kikimngoja mama yake. "Njoo upumzike, Mama," alisema kila alipopiga simu. Alisema kwa upendo, na Kemirembe hakuutilia shaka upendo huo hata siku moja. Ila kila aliposikia neno kupumzika alihisi kama mtu anafunga mlango naye yuko ndani. Kibanja angemwachia nani? Migomba ingepunguzwa machipukizi na nani? Mumewe, Pastory, alikuwa amelala nyuma ya nyumba, kati ya mibuni aliyoipanda mwenyewe, na Kemirembe alizoea kumpitia asubuhi akienda kukata majani. Huko Muleba angekuwa bibi wa kukaa kwenye kochi na kuulizwa kama ameshakunywa chai.

Ndipo aliposikia kwamba cherehani inaweza kufungwa mota ikaendeshwa kwa sola, maana nguzo za umeme zilikuwa zimekomea njia panda, mbali na kilima chake. Akapatana na mwanawe kama watu wazima wanavyopatana.

"Ikifika Krismasi na hiyo sola inakuwezesha kufanya kazi, sitasema tena," Nestory alisema. "Isipokuwezesha, nakuja na gari tubebe vyombo."

"Haya, uje," Kemirembe alijibu. Na pesa ya kahawa ya msimu ule ikaishia yote kwenye paneli, betri na mota.

Hapa anayeijua familia hii ataniuliza: Novatus wa nini, wakati binti yake Vero ameolewa na Clavery, mwenye duka la sola pale Nkwenda, fundi ambaye watu wanamfuata kutoka Nyabiyonza? Mkwe yupo, ngazi anayo, ujuzi anao. Kwani kuna ugomvi?

Ugomvi haukuwepo. Kulikuwa na ukwe. Katika ukoo wa Kemirembe mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawali pamoja, wala hawatajani majina. Kwake yeye Clavery alikuwa Baba Projest, kwa jina la mjukuu. Na zaidi ya yote, mkwe hapandi juu ya paa ambalo chini yake mama mkwe ana kitanda. Kumpita juu ya kichwa mahali anapolala ni aibu isiyo na dawa. Wapo waliosema mambo hayo yamepitwa na wakati. Vijana walicheka, na mchungaji aliwahi kuligusa jambo hilo kwenye mahubiri, kwa juu juu. Kemirembe aliwaacha wacheke na wagusie.

Na Clavery alikuwa mkali wa mwiko huo kuliko yeye. Wakikutana njiani, alizima pikipiki, akaingia migombani, akampa mama mkwe mgongo. "Shikamoo, Mama," aliiambia migomba. "Marahaba, Baba Projest," Kemirembe aliliambia wingu. Pasaka moja walikutana ana kwa ana mlangoni mwa kanisa, kila mmoja akageuka na kuzunguka upande wake, na ibada nzima wakaisikiliza kupitia madirisha, mmoja kusini na mwingine kaskazini. Mvua ilinyesha siku hiyo ikawalowesha wote wawili sawasawa. Miaka kumi na mmoja walikuwa wamekwenda hivyo, na sijui wakwe wengine waliopendana kama hao.

Basi sola ikawaka, na kiangazi kizima ikatosha, kwa sababu kazi zilikuwa chache. Mwezi wa tisa mambo yakabadilika kwa pamoja. Mvua zilianza, na kwaya kuu ya usharika ikamletea Kemirembe kitambaa cha majoho thelathini na mawili, yawe tayari Jumapili ya kwanza ya Majilio. Ilikuwa kazi ya kumwonyesha Nestory.

Mota ikamgomea. Kule kwao asubuhi ni mali ya ukungu. Hutoka bondeni, hupanda taratibu, hukaa juu ya nyumba mpaka saa nne kama mgeni asiye na haraka. Paneli za Kemirembe zilitazama mashariki, barabarani, zikingoja jua la asubuhi ambalo halikuwepo. Ukungu ulipoondoka zilipata saa chache za nguvu, na ilipofika saa nane jua lilikuwa limeshavuka kofia ya paa lile lenye mwinuko mkali na kuzipa kisogo. Betri haikujaa hata siku moja. Kemirembe alishona kuanzia saa tano, na kabla ya saa tisa mota ilivuta pumzi ya mwisho, sindano ikasimama katikati ya mshono. Akijaribu kukanyaga kidogo, goti lilimlipizia kisasi usiku kucha.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo hakumwambia mtu. Skrubu za Novatus hazikuzibwa vizuri. Mvua ya kwanza ilipopiga, maji yalipita kwenye matundu yake yakadondoka juu ya kitanda, upande wa mto. Kemirembe aliburuta kitanda hadi karibu na mlango, akaweka beseni pale kilipokuwa. Mvua ikinyesha alimwaga beseni, na watu wakiuliza habari za nyumba alisema ni njema. Alijua vizuri kwamba Nestory akisikia paa linavuja, hatangoja Krismasi.

Novatus alikuwa amevuka mpaka kwenda kutafuta kazi Uganda, na simu yake haikupatikana. Kemirembe akatuma ujumbe kwa mafundi wengine wa Nkwenda. Wawili walikataa, tena kwa maneno yaleyale, kama waliokuwa wamekaa kikao. Walisema hawawezi kugusa sola ya mama mkwe wa Clavery. Wakiharibu, watamtazamaje Clavery? Wakitengeneza vizuri, si watakuwa wamemtukana?

Katikati ya mwezi wa kumi majoho yaliyokamilika yalikuwa sita. Kemirembe aliyatazama yakining'inia ukutani, akajisemea waziwazi kwamba ameshindwa. Ndipo Vero alipokuja kumsalimia, akaketi, akazungukazunguka na habari za watoto, halafu akasema kilichomleta.

"Mama, Baba Projest anasema paneli zako ziko upande mbaya."

"Amejuaje? Amezionea wapi?"

"Si anapita barabarani kila Alhamisi akienda gulioni? Anasema tangu mwezi wa sita akizitazama kichwa kinamuuma."

"Tangu mwezi wa sita! Na hakusema?"

"Waitu Mama, angesemaje? Angekuambia wewe? Angeniambia mimi nikwambie mama yangu amekosea? Hata leo nimemlazimisha."

Kemirembe alikasirika, na hasira ilipokuwa haijafika mbali ikageuka kicheko, akacheka mpaka akafuta macho kwa kitenge. Miezi minne mkwe wake anapita pale akiumwa kichwa kwa heshima! Alipomaliza kucheka akawa anazungusha kidoleni uzi wa joho la saba. Nguo ikimbana mtu, fundi mzuri hakimbilii mkasi. Hutafuta kwanza ni mshono upi wa kufumua.

Jioni alivuka mistari michache ya migomba hadi kwa wifi yake, Prudensia, dada mkubwa wa marehemu Pastory. Mambo ya miiko ya ukoo huyo mama ndiye aliyeyashika, na alikuwa hana dogo: ukivaa kanga iliyopinda mbele yake atakunyoosha. Alimkuta kibarazani akitafuna punje za kahawa zilizokaushwa, akamsogezea kikapu naye atafune.

"Wifi," Kemirembe alianza, "ule mwiko wa mkwe na paa. Mwiko wenyewe uko wapi, kwenye bati au kwenye kitanda?"

Prudensia alitafuna kwanza. "Bati ni la juzi tu. Mwiko ulipowekwa nyumba zilikuwa za nyasi. Uko kwenye kitanda."

"Na kitanda kisipokuwepo?"

"Kiende wapi?"

"Kije hapa kwako."

Prudensia aliacha kutafuna. Alimtazama wifi yake kwa muda mrefu, kwanza kwa wasiwasi, kisha kwa namna ya mtu anayeona mchezo mzuri ukichezwa. "Nyumba ambayo mwanamke hana kitanda ndani yake si nyumba yake," alisema. "Ni mabati yaliyosimamishwa. Lakini uhame kweli, Kemirembe. Usinihamie kwa maneno. Ukiacha hata shuka moja, umelala humo."

"Nitahama kweli."

Akahama kweli, Jumanne iliyofuata, kulipokucha tu, ndani ya ukungu. Vero alikuja kusaidia. Walifungua kitanda wakakitoa vipande vipande, wakabeba godoro, chandarua, mashuka, sanduku la nguo, kandambili na hata kigoda cha kuwekea miguu. Walipofika kwenye picha ya Pastory iliyokuwa ukutani, Vero alisita.

"Na Baba? Naye ahame?"

"Baba yako hana mwiko na paa," Kemirembe alisema. "Aliezeka mwenyewe. Mwache alinde nyumba."

Akafunga mlango, akautundika ufunguo kwenye tawi la mbuni mwanzoni mwa kibanja, mahali ambapo mtu anaweza kuuchukua bila kupewa na mkono wa yeyote. Barabarani wapita njia walikuwa wamesimama.

"Mama Nestory, kwema? Unahama?"

Angeweza kukana, lakini aliona kwamba akikana atakuwa hajahama. "Nahama," alijibu kwa sauti ya kusikika, akaendelea na safari yake, mto kichwani.

Nyumbani kwa wifi alikaa akiipa nyumba yake mgongo. Baada ya muda alisikia pikipiki, kisha ukimya wa mtu anayetafuta ufunguo, kisha ngazi, kisha miguu juu ya bati. Mara ya mwisho kusikia miguu ya mtu wake juu ya paa lile ilikuwa siku Pastory alipopigilia kofia, yeye akiwa chini na mimba ya Vero, akimpigia kelele asianguke. Novatus alipopanda hakuhisi kitu, Novatus alikuwa mpita njia. Huyu alikanyaga polepole, akichagua pa kuweka mguu. Kemirembe alimkumbuka mumewe akaumia, akafurahi pia, yote kwa wakati mmoja, na Prudensia, aliyeona, akamsogezea tena kikapu cha kahawa.

Adhuhuri simu iliita. Habari ilikuwa imeshafika Muleba.

"Mama! Nimeambiwa umehama! Ungeniambia nije na gari!"

"Nimehama, mwanangu, lakini si kwa kuja huko."

"Sasa uko wapi?"

"Kwa shangazi yako. Narudi jioni."

Nestory aliguna kama mtu aliyepewa hesabu isiyogawanyika. "Sawa, Mama," alisema mwisho. "Krismasi nitakuja nione."

Alasiri bati liligongwa mara tatu, ishara kwamba kazi imekwisha. Pikipiki ikawaka, ikashuka kilima, na Kemirembe hakuinuka mpaka mlio wake ulipopotea kabisa. Alikuta ufunguo kwenye tawi lilelile. Paneli zilikuwa zimehamia nyuma, upande wa magharibi, zikitazama ndizi. Jioni hiyo vyombo vyote vikarudi, na kitanda kikafungwa tena karibu na mlango. Ukisimama barabarani uliona bati tupu, na kwa wiki mbili nzima Kemirembe alivumilia pole za watu waliodhani amezinyang'anywa. Hilo lilimuuma, nisiseme uongo. Lakini kesho yake ukungu ulikuja ukaenda kwa wakati wake, jua likageukia ndizi, na mota ikazunguka mpaka saa kumi na mbili bila kukohoa. Joho la saba likaisha, na la nane, na la tisa.

Siku ya tatu, alasiri, mvua ilikuja kubwa, ikapiga bati mpaka asisikie mota. Kemirembe aliinuka kwa mazoea, akaingia chumbani, akalisukuma beseni mahali pake. Akasimama kungoja. Mvua ilinyesha saa nzima na beseni likabaki kavu. Alipanda juu ya kigoda akapapasa ubao wa dari kwa kiganja: mkavu. Alipiga simu Nkwenda.

"Vero, mwenzako alisema nini kuhusu bati?"

"Bati gani, Mama? Alisema amehamisha paneli, basi. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Mwambie wakora, namshukuru."

Alikaa kitandani akalia, na sababu aliijua. Clavery aliyaona matundu, akaelewa yanavujia wapi na kwa nini hakuna aliyeambiwa. Akayaziba, na hata mkewe hakumwambia. Mtu ambaye hakuwahi kumtazama usoni alikuwa amemwona kuliko watoto wake wote.

Usiku huo kitanda kilirudi mahali pake pa zamani. Na majoho yalipokwisha, siku nne kabla ya Majilio, Kemirembe alichukua kitambaa chake mwenyewe cha bluu akakata shati. Vipimo hakuwa navyo, wala hakuweza kuviomba. Mama mkwe gani anauliza upana wa kifua cha mkwe? Alikata kwa macho, akamtuma Vero alipeleke. Mgongoni na mabegani lilimkaa Clavery kama alilopimwa akiwa amesimama. Miaka kumi na mmoja ya kumwona akiingia migombani haikupotea bure. Shingoni ndipo lilipobana, kwa kidole kimoja, kwa sababu upande wa mbele Kemirembe hakuwahi kuuona.

Krismasi Clavery alilivaa, kifungo cha juu kikiwa wazi, akakaa na wanaume upande wa pili wa nyumba. Nestory alikuja na pikapu, nyuma ikiwa tupu, kamba zikiwa tayari. Alikuta mama yake ana sare za Januari zimejaa mezani, na mota inazunguka. Akazunguka nyumba, akazitazama paneli, akatazama juu kwenye dari ya chumba cha kulala. Kamba akazirudisha chini ya kiti. Hata hivyo, alipokuwa anaaga, alijaribu, maana alimpenda.

"Na mwakani je, Mama? Hutaki hata kufikiria?"

"Nestory, mwanangu," Kemirembe alisema, akimpakilia mikungu nyuma ya gari mmoja baada ya mwingine, "mwaka huu nimeshahama mara moja. Imetosha."